Magurudumu ya Marehemu

"Toa mkono kwenye gurudumu la marehemu!"

Sauti hiyo ndiyo iliyonigandisha wiki iliyopita, nikiwa nimepiga magoti nyuma ya nyumba ya watu huko Misigiri. Turubai nilikuwa nimelifunua nusu, na mkono wangu umelala juu ya tairi kama mkono wa mganga juu ya mgonjwa.

Nikageuka polepole.

Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cheusi kichwani, mwiko wa ugali wa msiba mkononi. Mwiko wenyewe mrefu kama mpini wa jembe, na bado unafuka moshi.

"Shikamoo," akasema, mwiko ukiwa juu tayari kunishukia.

"Marahaba."

"Wewe mwizi?"

"Hapana, mama. Natazama namba tu."

"Namba! Mume wangu amelala ndani hajazikwa, wewe unamsomea gari lake namba?"

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hawajalisoma, nawaeleza upesi, maana mwiko ule haukuwa na subira.

Mimi ni Mughwai wa Ikungi. Nina gari aina ya Pijo, mbili sifuri tatu, nililolipata kwa padri aliyerudi kwao Ulaya. Nililitafuta baada ya mke wangu Theresia kufia kando ya barabara akingoja gari la wagonjwa, ambalo siku ile wakubwa walilituma kubeba viti vya mkutano. Viti vilifika salama. Tangu hapo niliapa kwamba mgonjwa wa kijiji chetu hatangoja viti tena, na nimebeba wagonjwa mpaka matairi yamekuwa vipara, kisha nyuzi, kisha hakuna.

Sasa gari liko juu ya mawe. Na Katibu wa kata yetu, Ndugu Gasto, ametangaza kwamba gari lolote lisilopita mbele ya ofisi yake Jumamosi hii kwa magurudumu yake yenyewe ni chuma cha bure, linakuwa mali ya kijiji. Gari lolote! Kijiji kizima kina gari moja.

Na balaa la Pijo hili ni ringi yake. Si inchi kumi na tano, si kumi na sita. Wenyewe waliolitengeneza walipima kwa milimita, mia nne kamili, ikaangukia kumi na tano na robo tatu. Tairi la kumi na tano haliingii hata ulipigie nyundo. La kumi na sita linaingia, halafu ringi inazunguka peke yake humo ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la askari. Karani mmoja wa duka la umma alinisikiliza, akajikuna kichwa kwa kalamu, akasema, "Mzee, chukua moja la kumi na tano na moja la kumi na sita, wastani utapatikana."

Ndio watu wanaotuongoza.

Ndipo nikasikia kwamba Misigiri kuna Pijo pacha na langu, la mfanyabiashara Mzee Marko. Nikadandia lori, nikafika, nikakuta Mzee Marko amefariki. Gari lake limefunikwa turubai uani.

"Mia nne," nikamwambia yule mjane. "Ona mwenyewe, mama. Yote manne. Na meno yake mazima kama ya mbuzi mchanga!"

Mwiko ukashuka kidogo.

"Yangechakaa vipi?" akasema. "Mwenyewe alikuwa analitoa gari juani kila Jumapili kama mgonjwa, analizunguka, analipangusa, analirudisha. Mimi Dorkas, mke wake, nimelipanda mara moja. Na siku hiyo alilizima, tukashuka na mteremko."

"Basi niachie haya magurudumu, tuelewane."

"Si yangu. Huku kwa Wanyiramba mjomba akifa, mrithi ni mpwa. Kaburi likishashindiliwa tu, gari lake, duka lake, na mimi na mwiko wangu, vyote kwake."

"Huyo mpwa yuko wapi?"

"Yuko njiani anakuja. Bwana mkubwa huko Ikungi. Anaitwa Gasto."

Nikakaa chini.

"Gasto yupi? Katibu?"

"Unamfahamu?"

"Mama, huyo ndiye anayetaka gari langu!"

Tukatazamana. Hesabu haikuhitaji shule. Gari langu, magurudumu ya mjomba wake, na mimi Mughwai nikisimama Ikungi nikila vumbi lake.

Dorkas akanitazama juu mpaka chini. "Wewe kabila gani?"

"Mnyaturu."

"Mnyaturu!" Alipiga kelele hiyo mpaka kuku wakatawanyika. "Mtani mzima, na umepiga magoti hapo kama mwizi wa kuku! Toka asubuhi tunalia bila mtani, msiba umepoa kama uji wa jana. Mtani akiwa msibani huwa anaiba?"

"Hapana," nikasema, na akili ikaanza kuniwaka. "Anakamata."

"Anakamata! Mpaka udongo wa mwisho, cha marehemu ni cha marehemu, na mtani anaruhusiwa. Atakayekukasirikia ameuaibisha ukoo." Akainama karibu, sauti ikapungua. "Ila nikikusaidia, nawe nisaidie. Sitaki kurithiwa na mtoto niliyemkanya asichovye kidole kwenye sukari. Kwetu ni Manyoni. Gari lako likisimama tena kwa magurudumu, unanifikisha."

"Tumepatana."

"Basi vaa hii." Akanitupia kofia ya marehemu. "Na uchekeshe. Mzee Alute ndiye mkuu wa ukoo, na hapendi mtani baridi."

Nyumba za Misigiri siku hizi zimepangwa mstari kwa amri, zimebanana kama meno ya chanuo, kwa hiyo hakukuwa na uwanja wa kuchezea. Kaburi lenyewe lilichimbwa hapo hapo uani, kando ya gari. Wachimbaji walikuwa wanatoka jasho, wazee wameketi kwenye magogo, akina mama wanalia kwa zamu.

Nikapanda juu ya boneti. Nikaketi. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Nani analia huko?" nikanguruma. "Kulia kunakausha koo, na maji mtakayokunywa ni ya kwangu!"

Kikatoka kicheko kimoja, kikongwe, kutoka kwenye magogo. Mzee Alute.

"Ni yeye!" akasema. "Ni Marko kabisa!"

"Na nyie wachimbaji, punguzeni! Mnachimba kirefu hivyo, mnadhani jembe ni la serikali?"

Wakacheka wote sasa. Akina mama waliacha kulia wakashikana mabega. Dorkas alipita karibu na karai la maji akaninong'oneza neno jingine la marehemu, nikalitoa, kisha jingine, nikalitoa. Jinsi Marko alivyokuwa akifunga duka akiona shemeji kwa mbali. Jinsi alivyokuwa anamkaribisha mgeni chai kwa kumuuliza, "Umekuja kunywa au umekuja kuondoka?"

"Shikamoo mzee," nikamwambia Mzee Alute kutoka juu ya boneti.

"Marahaba, mtani. Wa wapi?"

"Ikungi. Nimekuja kumzika huyu bahili wenu, na sishuki hapa mpaka nipewe changu."

"Unataka nini? Kuku?"

"Magurudumu. Manne."

Uani pakalipuka kwa kelele. "Yuleee! Mtani ana tamaa! Atayabeba begani?" Mzee Alute alifuta machozi ya kicheko kwa kona ya shuka, akainua fimbo yake ili atamke. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwake. Nililiona!

Honi ya Land Rover ikalia barabarani.

Ndugu Gasto akashuka. Suti ya mikono mifupi, kalamu tatu mfukoni, tumbo mbele. Alimsalimia Mzee Alute, akamsalimia huyu na yule, akajitengeneza uso wa huzuni. Kisha akaniona juu ya gari la mjomba wake.

Uso wa huzuni ukaanguka.

"Mughwai! Unafanya nini hapo? Shuka mara moja!"

Mzee Alute akageuza shingo taratibu. "Gasto. Unamfokea mtani?"

Wasomaji, kwa hilo tu nililoliona, nimelipwa nusu ya taabu zangu. Katibu, ambaye huko kwetu akikohoa watu wanasimama, alimeza mate. Akajilazimisha kucheka, akacheka kama mtu aliyekanyaga msumari mbele ya wakwe zake.

"Hapana, mzee. Natania tu. Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mwanangu!" nikaitikia kwa nguvu, nyumba ya nne isikie. "Jamani, mzikeni Marko upesi! Katibu amefika. Akichelewa kuzikwa ataandikwa nguvu kazi, kesho alfajiri yuko shamba la kijiji!"

Wakalia kwa kicheko.

"Na kaburi lenu hilo mbona limepinda? Katibu hapendi. Atawafukua wote awapange mstari mmoja, miguu ielekee ofisini!"

"Hee! Mtani!"

"Mwacheni Marko apumzike. Walimhamisha mara ya kwanza wakamchomea nyumba. Leo anahama mara ya pili, na huko anakokwenda hakuna Katibu. Wengi wao wanashukia kituo kingine!"

Niliyasema yote yaliyokuwa yamenikaa kooni. Niliyasema ya viti. Wengine walicheka, mzee mmoja hakucheka, aliinamisha kichwa. Katibu alisimama akitabasamu, jasho likimtiririka nyuma ya masikio, na kila nilipomtazama aliongeza tabasamu.

Lakini msimdharau mtu aliyepanda mpaka ukatibu. Wajinga hawapandi huko.

"Wazee wangu," akasema kwa upole, nilipokuwa navuta pumzi. "Mtani amekamata gari. Mila inasema mfiwa akombole. Au nimekosea?"

"Hujakosea," akasema Mzee Alute.

Gasto akampigia dereva wake mluzi. Kutoka nyuma ya Land Rover akashushwa mbuzi dume, mnene, mweusi, ndevu zimefika kifuani. Alikuwa amempakia kwa ajili ya msiba. Sasa akamvuta mpaka mbele ya boneti.

"Mtani, hii ndiyo fidia. Shuka kwenye gari la mjomba wangu."

Wakapiga vigelegele. Fidia nzuri kama ile haikataliwi! Mtani akikataa mbuzi wa namna hiyo hawi mtani tena, ni mnyang'anyi. Nikamtazama Dorkas. Dorkas akatazama pembeni.

Nikashuka.

Mwili ukatolewa ndani, umefungwa vizuri. Wimbo ukaanza. Gasto akasimama kando ya gari, mkono juu ya boneti pale pale nilipokuwa nimeketi, akanikonyeza. Haki ya Mungu, alinikonyeza. Wachimbaji wakatoka shimoni, wakasogea. Ukishuka mwili, ukishuka na udongo, yote yamekwisha.

Nikavua viatu, nikarukia kaburini.

"Mamaaa!"

Nikajinyoosha chini chali, nikakunja mikono kifuani, nikafumba macho.

"Mtani!" Sauti ya Mzee Alute ilitoka juu. "Unataka nini tena?"

"Pametulia huku, mzee. Hakuna mikutano."

"Toka tumzike mtu!"

"Nipeni fidia ya kaburi."

"Fidia gani?"

"Magurudumu manne."

"Nimeshayakomboa!" Huyo Gasto, na safari hii sauti ilipasuka.

Udongo kidogo ukanidondokea puani. Nikafumbua jicho moja. Kichwa cha Mzee Alute kilikuwa juu ya ukingo, kinatafakari.

"Mwanangu," akamwambia mpwa, "ulikomboa gari. Kaburi hujalikomboa."

"Nitampa mbuzi mwingine!"

"Yuko wapi?"

"Nitamleta kesho!"

"Mzee Marko hangoji kesho," nikasema kutoka chini. "Alishangoja sana ahadi za watu wenye kalamu."

Sasa kicheko kilikuwa cha msiba mzima. Vijana waliokuwa wamebeba mwili kwa macho ya machozi walicheka mpaka wazee wakaomba uwekwe chini usianguke. Jua likawa linapunga. Mwili kando ya shimo, mtu hai ndani ya shimo, na watu wote wa Misigiri wanamtazama Ndugu Gasto.

Angeweza kukasirika. Nilimwombea akasirike! Lakini alivuta pumzi, akatengeneza kalamu zake mfukoni, akasema, "Mpeni. Magurudumu manne. Mbele yenu wote."

Nikatoka kaburini kama mtu aliyefufuliwa na tairi.

Mzee Marko akazikwa vizuri. Nami, kabla jembe la mwisho halijashindilia, nilikuwa tayari nimeliinua gari kwa jeki na mawe, spana mkononi. Nikafungua la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Mazima! Mia nne imeandikwa wazi kwenye kila moja. Nilipitisha kidole juu ya namba ile kama kipofu anayesoma uso wa mwanawe.

Barabarani lori la mchele kutoka Nzega lilikuwa limesimama, dereva wake anataka kufika Singida kabla jua halijazama. Nikaomba nafasi, akakubali. Vijana wakaviringisha magurudumu, wakayatupa juu ya magunia. Nikashika ubao nipande.

Juu ya magurudumu yangu palikuwa na mtu.

Dorkas. Ameketi juu yake, kibunda cha nguo mapajani, mwiko bado mkononi.

"Mama Dorkas," nikasema kwa sauti ya chini, "tulisema gari langu likisimama, sio leo."

"Kaburi limeshashindiliwa," akajibu. "Kuanzia sasa mimi ni wa mtu. Ulitaka nimngojee wapi?"

Hatua nzito zikaja nyuma yangu. Gasto. Akautazama ule mlima wa magunia, magurudumu na mjane wake. Tabasamu lilikuwa limekwisha, maana na msiba ulikuwa umekwisha. Sasa alikuwa Katibu.

"Shangazi, shuka."

"Mimi sio shangazi yako. Mwaka jana uliniita 'huyo mwanamke'."

Akaachana naye. Akanishika bega, akanivuta pembeni, akaninong'oneza kama ndugu.

"Sikiliza, Mughwai. Tuzungumze kiutu uzima. Mshushe huyu, nenda na magurudumu yako. Na Jumamosi ofisi yangu haitafunguliwa. Gari lako sitalitaja tena, litembee, lisitembee. Umesikia? Ni lako mpaka ufe."

Nikatazama juu ya magunia.

"Ukimpeleka," akaongeza, "nitafika Ikungi kabla yako. Na nitalikuta gari lako juu ya mawe."

Aliujua udhaifu wangu. Gari lile lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho dhidi ya watu kama yeye. Na hapo juu palikuwa na mwanamke niliyemjua kwa nusu siku, ambaye bila yeye ningekuwa bado nimepiga magoti nyuma ya turubai.

Nilikuwa na jibu. Mpaka leo ninalo. Lakini sikupata nafasi ya kulitoa, kwa sababu hapo hapo Dorkas aliinua mwiko, akapiga bodi ya lori.

Pa! Pa!

Dereva yeyote wa nchi hii akisikia hivyo anajua maana yake ni moja. Akaweka gia. Lori likaondoka na magunia, na mjane, na magurudumu yangu manne. Mimi na Katibu tukabaki tumeshikana bega ndani ya vumbi kama wachumba.

"Simamisha!" tukapiga kelele pamoja.

"Panda!" Gasto akaniambia, akikimbilia Land Rover.

Nikapanda. Uadui tungemalizia mbele. Akaketi kwenye usukani mwenyewe, maana dereva wake alikuwa bado kwenye sinia la ugali, akawasha, akakanyaga. Land Rover ikaguna, ikalegea, ikakaa chini kama ng'ombe aliyechoka. Tukashuka. Matairi yote manne yamelala bapa juu ya ardhi. Vile visindano vinavyofunga upepo vimechomolewa, kila kimoja.

Juu ya lori, kwa mbali, mkono wa Dorkas ukapunga. Kitu kikang'aa angani, kikamwagika kwenye majani.

Hapo, wasomaji, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika boneti ya serikali nisianguke. Katibu amekaa chini kwenye gurudumu bapa! Wacha ajue na yeye! Mwache atafute upepo wake kwenye majani! Lori likifika Singida nitalikuta, mwanamke mwenye akili kama yule hawezi kupoteza tairi.

Nikatazama lori langu zuri linavyokwenda. Likafika kwenye njia panda.

Halikunyoosha kwenda Singida. Likakata kona, likashika njia ya Kiomboi.

Kicheko kikanikauka mdomoni. Manyoni iko upande mwingine kabisa. Singida iko upande mwingine. Mchele ule ulikuwa unakwenda Singida!

Nyuma yangu mtu akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha kwa tumbo zima. Ndugu Gasto alikuwa ameegemea Land Rover yake iliyokaa chini, anajifuta macho kwa kiganja.

"Mtani," akasema alipoweza kusema, "alikwambia kwao ni Manyoni?"